Kukodi gari-nyumba kwa safari ya familia: kutoka Phoenix hadi Grand Canyon

Wazazi wanapokuja Marekani kutoka Tanga, Mombasa au Bujumbura kuwatembelea watoto na wajukuu wao, na shule nazo zimefungwa, safari ya kwenda kuona Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, kwa gari-nyumba, lile ambalo Wamarekani huliita RV, huwafaa kuliko hoteli. Bibi anaweza kujinyoosha kitandani kila mnaposimama, chakula kinapikwa cha nyumbani, na choo kipo hatua chache kutoka kitini. Lakini gari hili linabeba maji yake, umeme wake na uchafu wake, na anayelichukua akidhani ni basi dogo lenye vitanda huanza kupata taabu jioni ya siku ya kwanza. Mwongozo huu unafuata njia ya kutoka Phoenix, Arizona, hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon, umbali wa takribani kilomita 370, kwa sababu njia yote ni ya lami, kampuni za kukodisha zipo Phoenix, na mwendo wake si mrefu mno kwa dereva ambaye hajawahi kushika usukani wa gari kubwa.

Gari, msimu na kambi

Kambi ndiyo itangulie, gari lifuate. Kambi ya Mather, iliyo ndani ya hifadhi kwenye ukingo wa kusini, haipokei gari linalozidi futi 30, yaani mita 9 na ushei, na nafasi zake hazina umeme wala bomba la maji la kuunganisha kwenye gari. Jirani yake ipo Trailer Village, ambako kila nafasi ina umeme, maji na shimo la kumwagia maji machafu. Kwa familia yenye wazee na watoto wadogo ninapendekeza Trailer Village bila kusita, hata kama bei yake ni ya juu, kwa kuwa usiku wa kwanza ndio wa kujifunza gari, na kujifunza kunakuwa rahisi pale ambapo maji hayawezi kukuishia. Nafasi za Mather hufunguliwa miezi sita kabla kwenye tovuti ya serikali ya recreation.gov, na za majira ya likizo huisha mapema sana.

Kuhusu msimu, kumbuka kwamba Phoenix ipo mita 330 hivi kutoka usawa wa bahari ilhali ukingo wa kusini upo karibu mita 2,100. Mwezi Julai mtaliacha joto la mchana la zaidi ya nyuzi 40 na kulala kwenye baridi ya sweta usiku. Mwezi Machi, wakati wa likizo fupi ya shule, maji yanaweza kuganda usiku huko juu. Mwezi Mei na kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ndizo nyakati nzuri zaidi.

Gari la futi 25 linatosha. Matangazo husema linalaza watu watano au sita, lakini cha kuuliza kwanza ni idadi ya mikanda, kwa sababu sheria ya usalama haijali mna vitanda vingapi. Kila mtu akae kwenye kiti chenye mkanda wakati gari linatembea, na kiti cha mtoto kifungwe kwenye kiti kinachotazama mbele, kamwe kisifungwe kwenye kile kinachotazama ubavuni au nyuma. Uliza kabla ya kulipa ni viti vingapi vya aina hiyo vilivyopo, na kama vinaweza kushika kiti cha mtoto mlicho nacho. Kitanda kilicho juu ya dereva ni cha kulalia gari likiwa limesimama tu. Watoto watakipigania, na ni vyema kanuni hiyo waelezwe kabla injini haijawashwa.

Leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha kwa magari ya ukubwa huu, ila baadhi ya kampuni zinataka dereva awe ametimiza miaka 25. Bei inayotangazwa ni ya usiku mmoja tu. Juu yake huongezwa malipo ya kila maili, ya kila saa ya jenereta, ya vyombo vya jikoni na ya matandiko, pamoja na dhamana. Gari la namna hii hula lita 24 hadi 29 za petroli kwa kilomita 100, kwa hiyo kwenda na kurudi kwenye njia hii kutakula takribani lita 200. Soma bima kwa makini, hasa sehemu inayotaja paa na sehemu ya chini ya gari, kwani mikataba mingi haifidii uharibifu wa sehemu hizo mbili, na ndizo ambazo dereva mgeni huziharibu kwa urahisi.

Jambo jingine linawahusu wageni wenyewe. Kuanzia Januari 2026 hifadhi kadhaa kubwa, Grand Canyon ikiwemo, zinawatoza wasio wakazi wa Marekani ada ya ziada ya kila mtu. Wakazi wabebe kitambulisho cha Marekani, na gharama ya babu na bibi ipangwe tangu mwanzo ili isije ikawashtua langoni.

Siku ya kulichukua gari

Tenga saa mbili nzima. Piga video ya gari lote nje na ndani, pamoja na paa kama kuna ngazi, kioo cha mbele, na dashibodi inayoonyesha maili na kiwango cha mafuta. Kisha mwombe mfanyakazi awashe mbele yako kila kitu: jiko, friji, hita ya maji, kipasha joto, kiyoyozi, jenereta, pampu ya maji, vali za matangi. Usikubali kuelezwa kwa maneno tu. Mtoto mkubwa au shangazi arekodi kwa simu, kwa sababu saa mbili usiku, kambini, hakuna atakayekumbuka ni swichi ipi iliyowasha pampu. Hakikisha ving'ora vya moshi, gesi na monoksidi ya kaboni vinalia vinapobonyezwa. Hewa hiyo ya mwisho haina harufu, hutoka kwenye jenereta na vichomeo vya gesi, na imewahi kuua watu waliolala.

Mwulize pia urefu wa gari kwenda juu. Magari mengi ya aina hii hufika futi 12, takribani mita 3.66. Uandike kwenye karatasi na uibandike karibu na usukani, kwa sababu paa za madirisha ya kununulia chakula ukiwa ndani ya gari, maegesho ya ghorofa na matawi ya miti havikungoji ufanye hesabu.

Barabarani

Barabara kuu ya I-17 inapanda kutoka Phoenix hadi Flagstaff, mwendo wa kilomita 230 hivi wenye miinuko mirefu. Kaa njia ya kulia, acha wenye haraka wapite, na usishindane na malori. Wakati wa kurudi, miteremko hiyo hiyo huchosha breki. Punguza gia mapema ili injini ilizuie gari, na breki itumike kwa kugusa na kuachia. Upepo wa ubavuni hulisukuma gari kwa sababu lina kuta pana, na dawa yake ni kupunguza mwendo na kushika usukani kwa mikono miwili.

Sehemu ya gari inayobaki nyuma ya magurudumu ya nyuma ni ndefu, na unapokata kona kali kwenda kulia inatupwa kushoto. Ndiyo sababu magari haya hukwaruza nguzo za vituo vya mafuta. Nyosha gari hadi lote limeivuka pampu ndipo ukate kona. Vituo vinavyohudumia malori vina nafasi kubwa zaidi, na inafaa kuvichagua hata kama petroli ni ghali kidogo. Ukirudi rivasi, mtu mzima mmoja ashuke asimame nyuma upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo. Dereva asipomwona, asimamishe gari papo hapo.

Kabla ya kuondoka popote, mtu mmoja, siku zote awe yule yule, azunguke gari: waya wa umeme umechomolewa, mpira wa maji umefungwa, ngazi imeingizwa, turubai la kivuli limekunjwa, gesi imefungwa kwenye mtungi, kabati na friji vimebanwa. Sufuria ya pilau iliyoachwa juu ya jiko itamwagika kwenye kona ya kwanza.

Maji safi na maji machafu

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Gari la futi 25 kwa kawaida lina tangi la maji safi la lita 150 hivi, tangi la maji yatokayo kwenye sinki na bafu, na tangi la choo, kila moja kati ya haya mawili likichukua lita 100 hivi. Hita ya maji hubeba lita 23 tu, kwa hiyo wa tatu kuoga ataoga maji ya baridi kama wa kwanza hakufunga bomba wakati wa kujisabuni. Mahali pasipo na bomba la kuunganisha, watu watano wanaooga kila siku watalimaliza tangi ndani ya siku mbili au chini ya hapo. Kambi ya Mather ina bafu za kulipia karibu na lango lake. Zitumieni, na maji ya gari yabaki kwa kupikia na kunawa.

Familia ya Kiislamu iweke kwenye hesabu maji ya udhu. Bomba likiachwa wazi, udhu mmoja hula lita nyingi. Kopo la nusu lita linatosha, na katika sinki dogo la gari lina nafuu kuliko bomba. Kutumia maji badala ya karatasi chooni nako kunakubaliana vizuri na gari hili, kwani tangi la choo huziba kwa karatasi na ukavu. Lakini litajaa upesi zaidi, basi pangeni kulimwaga kila baada ya siku mbili. Wanaotumia karatasi watumie ile laini inayoyeyuka haraka.

Kumwaga kwenyewe hakuna ugumu mtu akifuata utaratibu. Vaa glavu. Unganisha mpira mnene wa maji machafu kwenye gari, usukume ncha ya pili ndani ya shimo na uizuie kwa jiwe au kwa mguu. Vuta vali ya tangi la choo kwanza, subiri mpaka sauti ya mtiririko ikome kabisa, kisha uifunge. Ndipo ufungue vali ya maji ya sinki na bafu, ambayo yana sabuni na yatausafisha mpira. Ukishafunga vyote, rudisha ndoo moja ya maji na dawa ya choo ndani ya tangi kupitia chooni. Mpira wa maji ya kunywa usigusane na mpira wa uchafu hata kwenye sanduku la kuhifadhia. Hata mkiwa Trailer Village, vali ya choo ibaki imefungwa mpaka tangi lijae walau theluthi mbili, kwa sababu ikiachwa wazi maji hutoka na uchafu mzito hubaki chini ukikauka. Kama usiku unatarajiwa kuwa wa baridi ya kugandisha, jaza tangi la maji safi jioni, kisha chomoa mpira na uutie ndani.

Umeme na jikoni

Nguzo ya umeme ya ampea 30 inatoa wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi, maikrowevu na birika la umeme vikiwashwa pamoja, breka itaruka. Zima kimoja, irudishe. Betri za gari zinaendesha taa na pampu, lakini haziendeshi kiyoyozi, ambacho kinahitaji nguzo au jenereta. Hifadhini huruhusu jenereta kwa saa chache tu kwa siku, na kimya hutakiwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Nunueni vyakula vyote Flagstaff, ambako maduka ni makubwa na bei ni za kawaida. Ugali, maharage na mchuzi hupikika vizuri kwenye jiko la gari. Samaki wa kukaanga apikwe nje, kwani king'ora cha moshi ni chepesi kulia.

Mkifika kwenye ukingo

Egesheni gari kambini mliache huko. Mabasi ya bure ya hifadhi yanazunguka ukingo, na barabara ya Hermit imefungwa kwa magari binafsi kuanzia Machi 1 hadi Novemba 30, kwa hiyo basi ndilo njia yenyewe. Sehemu nyingi za ukingo hazina uzio wowote, basi kila mtoto mdogo apewe mtu mzima wa kumshika mkono, kwa jina, kabla ya kushuka. Wazee wanaweza kuchoka upesi kwa sababu ya mwinuko. Wanywe maji mara kwa mara na wasiharakishwe.

Familia inayotaka kuendelea hadi Monument Valley, bonde la minara ya mawe lililo katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, ijue mambo mawili: barabara ya vumbi ya maili 17 iliyo ndani ya bonde hairuhusu magari-nyumba, na ni bora kulipia ziara ya waongozaji wa Kinavajo, pia Wanavajo husogeza saa mbele majira ya joto ilhali sehemu nyingine za Arizona hazifanyi hivyo, basi miadi ihakikishwe ni ya saa ya wapi.

Kurudisha gari

Usilale mbali siku ya mwisho. Laleni katika kambi iliyo karibu na Phoenix, mwage matangi yote mawili hapo kabla ya kuondoka, kwa kuwa kampuni hutoza ada kubwa kwa tangi la choo lililorudishwa na uchafu. Jazeni petroli mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, fagieni sakafu, toeni kila kitu kwenye friji na makabati, kisha pigeni picha ya maili na ya kihesabu saa cha jenereta mbele ya mfanyakazi anayepokea funguo, na msiondoke bila karatasi iliyosainiwa inayosema gari limepokelewa bila uharibifu mpya.