Darubini ya redio ya kujitengenezea: anza na kopo, dishi baadaye

Watu wakisikia darubini ya redio, yaani chombo cha kunasa mawimbi ya redio ya angani, akili inaruka moja kwa moja kwenye dishi, oh mimi sina dishi kubwa, basi wanaacha. Sasa nikwambie, mwaka 1951 wanasayansi Ewen na Purcell pale chuo cha Harvard, Marekani, walinasa mawimbi ya haidrojeni ya angani kwa antena ya mbao iliyobandikwa shaba ndani, umbo la tarumbeta, imetokeza dirishani. Dishi hawakuwa nalo. Kinachoua darubini za wengi ni kelele, yaani mawimbi ovyo yanayofunika yale unayotafuta, na hiyo inaingia mwanzoni kabisa, kati ya antena na amplifaya (kikuza mawimbi) ya kwanza.

Tunachotafuta ni haidrojeni hiyohiyo, megahezi 1420.4, wimbi la sm 21. Bendi hii imetengwa kimataifa hakuna anayeruhusiwa kurusha humo, ndo maana naipenda kwa anayeanza.

Kopo kwanza, ndilo antena yetu, dishi kazi yake ni kulikusanyia mawimbi. Tafuta kopo la bati la mviringo, kipenyo sm 15 hivi, urefu kama sm 25, mdomo wazi. Likiwa jembamba chini ya sm 12.5 wimbi letu halipiti humo hata ufanyeje. Pima sm 9.3 kutoka kwenye kitako, toboa, funga konekta (kiungio cha kebo), alafu ulehemu kwenye pini yake waya wa shaba wa sm 5 unaoelekea katikati ya kopo. Ukiwa na kopo la kipenyo kingine usinakili hiyo 9.3, inabadilika sana, kwa sm 16 inashuka mpaka kama 8.3.

Amplifaya sasa, na hapa tulia. Chukua ile ya kelele ndogo, LNA, yenye namba ya kelele kama desibeli 0.5 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, hapa ikiwa ndogo ndiyo bora), uifunge palepale kwenye konekta ya kopo. Palepale! Sio chini mezani karibu na kompyuta. Mimi ya kwanza niliiweka mezani, kebo ndefu ya bei rahisi inashuka kutoka kwenye dishi, nikakaa wiki nzima naona mstari mnyoofu tu kwenye skrini. Piga hesabu uone: LNA ya desibeli 0.5 inaongeza kelele ya kama kelvini 35 (kelele hupimwa kama joto), lakini kebo inayopoteza desibeli 3 ikitangulia mbele yake inaongeza karibu kelvini 290 na bado inakula nusu ya mawimbi yenyewe, yaani hela yote uliyotoa kwenye LNA imeishia kwenye waya. Ikishakuwa LNA imetangulia, kebo iwe ndefu kiasi utakacho, haina neno sana. Filta ya 1420, ile inayopitisha bendi yetu tu, iweke baada ya LNA, isipokuwa kama una mnara wa simu jirani unaoizidi nguvu.

Dishi la mita 1 linatosha, la wavu sawa tu mradi matundu yasizidi sm 2 na mabonde ya uso wake yasizidi sm 1. Mdomo wa kopo ukae kwenye fokasi, pale mawimbi yanapokutania: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa kina mara 16. Mita 1 yenye kina cha sm 16 inakupa sm 39. Hii ni kwa dishi la mviringo lenye kopo katikati, yale ya ofuseti, ambayo kopo hukaa pembeni, hesabu yake ni nyingine.

Chomeka kipokezi cha SDR (redio ndogo inayoendeshwa na kompyuta) kwenye USB, ila usikitegeshe 1420.4 kamili maana vingi vina mwiba wa uongo katikati ya skrini, tegesha 1420.0. Kabla ya yote elekeza dishi juu, soma nguvu inayoingia, alafu lielekeze ardhini. Ardhi ina joto la kelvini 300 hivi, anga ni baridi, kwa hiyo nguvu inatakiwa kupanda angalau mara mbili. Haipandi? Rudi kwenye kopo na konekta, haidrojeni utaitafuta bure.

Ikipanda, liache dishi limetulia, dunia izunguke nyuzi 15 kwa saa, Njia ya Maziwa, galaksi yetu, ipite yenyewe mbele. Rekodi dakika nyingi ufanye wastani, ukitaka kelele ipungue nusu ongeza muda mara nne. Alafu gawanya kwa rekodi ya sehemu ya anga iliyo mbali na Njia ya Maziwa, umbo la filta litoke. Haidrojeni itaonekana kama nundu kwenye grafu, ila nundu isiyohama saa zote ni adapta au taa ya LED, nimeshashangilia adapta mimi.

Ukiiona nundu ya kweli, kila kilohezi 4.7 ni mwendo wa km 1 kwa sekunde. Ikikaa kilohezi 100 juu ya 1420.4, gesi inatujia kwa km 21 hivi kwa sekunde, ila dunia yenyewe inalizunguka jua kwa kama km 30, kwa hiyo toa kwanza sehemu ya mwendo huo inayoelekea kule dishi linakoangalia kabla hujatangaza.