Jipu la bandama: kutafuta chanzo na kutoa usaha bila upasuaji mkubwa

Jipu la bandama ni adimu, lakini likiachwa huua. Mshuku kila mwenye homa isiyokatika na maumivu chini ya mbavu za kushoto, hasa yakipanda hadi begani.

Mara nyingi vimelea huletwa na damu. Vali za moyo zilizoambukizwa ndizo za kuangaliwa mapema, kwa hiyo chukua damu ya kuotesha vimelea maabara kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, kisha agiza altrasaundi ya moyo. Kwa mwenye selimundu, sehemu ya bandama iliyokufa kwa kukosa damu hushambuliwa kirahisi na bakteria wa Salmonella. Majeraha ya tumbo nayo huchangia. Kinga ikishuka, fikiria kifua kikuu na fangasi wa Candida: hivi huleta vijipu vidogo vingi, na hapo tegemeo ni dawa, si mrija wa kutoa usaha.

Mrija unafaa pale CT skani inapoonyesha jipu moja au mawili yenye ukuta bayana na usaha mwepesi. INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) iwe chini ya 1.5 na chembe za kugandisha damu zizidi 50,000 kwa mikrolita. Hakikisha si uvimbe wa minyoo ya Echinococcus. Kuuchoma bila maandalizi huweza kuleta mzio wa kuua.

Bandama husogea kwa kila pumzi, basi mgonjwa azuie pumzi unapochoma. Baada ya ganzi, ingiza sindano ya geji 18 ukiongozwa na altrasaundi, kwa njia inayopita kwenye nyama ya bandama kidogo iwezekanavyo. Epuka lango la mishipa ya bandama, utumbo mpana na utando wa mapafu. Vuta mililita chache tu za kupeleka maabara: ukilikausha jipu, waya wa inchi 0.035 wa kuongozea mrija hautapata nafasi ya kujikunja ndani. Panua njia, kisha ingiza mrija wa Fr (kipimo cha unene) 8 hadi 12 wenye ncha iliyojisokota. Matundu yake yote yawe ndani ya jipu. Likibaki moja nje, usaha utavuja tumboni.

Safisha mrija kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi ya 0.9% kila saa 8. Usaha ukikatika ghafla huku homa ikiendelea, usishangilie: mrija umeziba au umehama. Utoe pale tu usaha unaposhuka chini ya mililita 10 kwa siku, homa imekwisha na picha inaonyesha shimo limefunga.

Jipu lenye vyumba vingi au usaha mzito mara nyingi huishinda njia hii. Likipasuka au damu ikigoma kukatika, mwite daktari wa upasuaji mara moja. Bandama ikiondolewa kwa dharura, chanjo za bakteria wa nimokokasi, meningokokasi na Hib (Haemophilus influenzae aina b) hutolewa kuanzia siku ya 14.