Kuchagua Cummins 5.9 ya Dodge Ram kwa kuongeza nguvu

Cummins 5.9 ni injini ya dizeli ya lita 5.9 ya pikapu za Dodge Ram. Anza na mfumo wa mafuta. Ndio unaotofautisha vizazi.

Injini ya valvu 12 ya 1994 hadi 1998 hutumia pampu ya dizeli ya P7100, isiyohitaji kompyuta. Nguvu huongezwa kwa kurekebisha pampu yenyewe, ila moshi mweusi utauona. Ukiweka springi kali za gavana (kidhibiti cha mzunguko wa injini) ili injini izunguke zaidi, badilisha na springi za valvu, la sivyo valvu zitaelea, yaani hazitafunga kwa wakati. Kabla ya yote, fungua kava la gia za taimingi uzuie ile pini ndogo ya chuma isichomoke: ikiangukia kwenye gia, inavunja kila kitu.

Valvu 24 ya mwisho wa 1998 hadi 2002 ina pampu ya VP44, nayo hufa mapema pampu ndogo ya kuvuta mafuta ikichoka. Funga geji ya presha ya mafuta; presha ikishuka chini ya psi 10 ukikanyaga mafuta, usiendelee. Bloku yenye namba 53 ubavuni iache, hupasuka.

Komonreli (reli moja ya presha kubwa inayolisha nozeli zote) ya 2003 hadi 2007 ndiyo tulivu na rahisi kuongezea nguvu kwa programu, lakini mafuta machafu huua nozeli. Pima mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli kabla ya kununua.