Jinsi ya kuchagua mnyama wa kupima VVU vinavyogusa ubongo na tabia

Jambo la kwanza kabisa, VVU vya binadamu havimshiki panya wa kawaida, kwa hiyo usiagize mnyama kabla hujajua unauliza nini.

Hatua ya 1: andika swali lako. Unataka kujua virusi vinaingiaje ubongoni, au protini moja tu inafanya nini? Kumbuka nuroni (seli za neva) zenyewe haziambukizwi, virusi vinakaa kwenye mikroglia na makrofeji, yaani seli za kinga, nuroni zinaumizwa na sumu na uchochezi unaotoka kwa majirani zake.

Hatua ya 2: chagua mnyama. Makaki (aina ya tumbili) mwenye SIV, ndugu ya VVU kwa nyani, ndo anamkaribia binadamu zaidi, ila ni ghali na utapata wachache. Paka ana FIV, ndugu ya VVU kwa paka, ilitambuliwa California mwaka 1986, nayo inafika ubongoni. Kwa panya wadogo kuna wa Tat, yaani wamewekewa jeni ya protini moja ya VVU, hiyo protini unaiwasha kwa dawa ya doksisaiklini, halafu kuna EcoHIV, yaani VVU vimevuliwa gp120, protini ya koti lao, vikavalishwa koti la kirusi cha panya, vinamwambukiza panya lakini seli za binadamu haviziwezi. Panya wakubwa wenye jeni za VVU wapo tangu 2001, jeni za gag na pol, ambazo virusi vinazihitaji ili vizaliane, zimekatwa, virusi havizaliani, kwa hiyo usiwatumie kuuliza habari za maambukizi.

Hatua ya 3: kontroli, yaani kundi la kulinganisha. Kwa Tat, wasio na jeni nao wape doksisaiklini, maana dawa hiyo yenyewe inapunguza uchochezi.

Hatua ya 4: angalia macho, hapa naomba usiruke. Hao panya wakubwa wenye jeni wanapata mtoto wa jicho. Niliwatia kwenye beseni la maji watafute jukwaa lililozama, wakawa wanazunguka tu ukingoni, nikaandika kumbukumbu imepotea, kuja kummulika mmoja kwa tochi naona mboni nyeupe kama maziwa. Siku hizi naanza na jukwaa lililo juu ya maji lenye kibendera, akishindwa hata hilo siandiki neno kumbukumbu, nampeleka kwenye jaribio la harufu au sauti.

Hatua ya 5: anza na majaribio mepesi, uwanja wazi kwanza (unaangalia anavyotembea), kisha kitu kipya (unaangalia kama anakitofautisha na alichokizoea), maji mwisho kabisa kwa sababu yanawatia hofu na hofu hiyo inabaki nao. Saa ileile kila siku, mshikaji yuleyule, na asijue yupi ni wa kundi gani.

Hatua ya 6: ukifungua ubongo usihesabu nuroni tu, angalia na sinapsi, yaani maungio kati ya nuroni, mara nyingi zinapungua wakati nuroni bado zipo.