Mlio wa nyenje kuwa noti: kurekodi, kupima, kutunga

Kabla ya kugusa kinasa sauti, kaa kimya dakika 10 na daftari. Chora duara, wewe ukiwa katikati, na kila sauti uiandike upande inakotokea. Kisha zigawe kama anavyozigawa Bernie Krause, mrekodi na mtafiti wa sauti za mazingira: za viumbe hai, za upepo na maji, na za binadamu. Hapo ndipo utajua maikrofoni ielekee wapi.

Rekodi alfajiri, upepo mara nyingi ukiwa umetulia. Tumia WAV (faili ya sauti isiyobanwa), sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitambui zikiondolewa, lakini kipimo kinazihitaji. Kama unatumia simu, zima kipunguza kelele: mlio wa nyenje haukatiki, kwa hiyo huchukuliwa kuwa kelele na kufutwa. Vilele vya sauti visizidi desibeli -12. Vikigonga 0, mawimbi hukatwa vichwa, na baadaye kwenye picha ya sauti utaona mistari ya juu ambayo hakuna mdudu aliyeitoa. Maikrofoni ivalishwe manyoya dhidi ya upepo na isimame yenyewe, kwani vidole husugua.

Andika saa na nyuzi za joto. Hili wengi hulipuuza, nalo ni la lazima: joto likipanda, nyenje huongeza kasi (mwanafizikia Amos Dolbear alichapisha fomula ya uhusiano huu mwaka 1897). Ukiunganisha vipande vya saa tofauti, mapigo yatapishana.

Fungua nakala ya rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, faili ya asili usiiguse, kisha chagua mwonekano wa spektrogramu: picha ya sauti, muda ukienda kulia na masafa yakipanda juu. Dirisha (idadi ya sampuli zinazopimwa kwa pamoja) la 2048 hutenganisha masafa kila hezi 23 hivi, yaani mitetemo 23 kwa sekunde, ila huchanganya milio ya haraka. Kwa milio hiyo ya haraka, shusha dirisha hadi 512. Utapata wakati sahihi, na mistari itanenepa.

Tuseme mstari wa nyenje uko hezi 4,400. Gawa kwa mbili mara tatu: 2,200, 1,100, 550. Kila mgawanyo ni oktavu moja chini. Sasa punguza kasi ya rekodi hadi moja ya nane, bila kulinda kimo cha sauti, ili nacho kishuke. Sekunde 10 zinakuwa 80, na ule mlio uliodhani ni mmoja unafunguka kuwa mapigo madogo yanayohesabika. Hayo ndiyo mdundo wako.

Kwenye kinanda, noti iliyo karibu na 550 ni C shapu, hezi 554. Noti hiyo na mlio wa nyenje zikisikika pamoja zinakwaruzana. Usimvute nyenje alingane na kinanda. Shusha kinanda senti 14 (senti 100 ni nusu toni).

Ukiongeza ala nyingine, tazama tena spektrogramu na uziweke pale palipo peusi. Ngoma hukaa chini bila shida. Filimbi ndiyo huangukia masafa ya ndege. Mistari ikipandana, ishushe filimbi oktavu moja au iache inyamaze mpaka ndege amalize.