Marudio ya istilahi za fasihi na ustadi wa kusoma: somo kwa darasa la Kiingereza, S.3 na S.4 (kidato cha tatu na cha nne)

Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaosaidia nyumbani, hamjambo. Muhula wa tatu umefika, na daftari nyingi ninazosahihisha zina ukurasa uleule: orodha ndefu ya istilahi na maana zake, imenakiliwa vizuri na kukaririwa barabara. Akipewa kifungu asichowahi kukiona, mwenye daftari anakwama. Mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda ulianza 2020, na kundi lake la kwanza likafanya UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa S.4, mwaka 2024. Mkazo wake ni kutumia ulichojifunza, na kukariri peke yake hakutakuvusha. Kwa hiyo tutasoma kwanza, na jina la istilahi litakuja mwishoni.

Kifungu nimekitunga kwa Kiswahili ili sote tufuatane. Ukikutana na cha Kiingereza, hatua hazibadiliki.

*Mvua ilikuwa imekatika, lakini njia ya kushukia mwaloni ilikuwa bado inateleza. Mama aliwapanga ngege mezani, wakubwa mbele, wadogo nyuma. "Baba atakuja na mashua ya mwisho?" nikamwuliza. "Atakuja," akasema, kisha akaanza kuwapanga upya. Ziwa lilikuwa limenyamaza kama mtu anayeficha jambo. Mashua ya mwisho ilikuwa imefungwa gatini tangu saa kumi na moja.*

Hatua ya 1: Soma mpaka mwisho bila kusimama. Unatafuta nani, wapi, na nini kimetokea. Neno gumu likikuzuia, liruke, kisha urudi utazame majirani zake. Asiyejua mwalo ni nini ataona kuna kushuka, kuna ngege, yaani samaki, kuna mashua na ziwa. Atajua ni mahali samaki wanaposhushwa, na kamusi hakuifungua.

Hatua ya 2: Soma tena, penseli mkononi. Pigia mstari kilichorudiwa, na kile ambacho hukukitarajia. Mistari miwili au mitatu yatosha. Ukurasa uliopigiwa mstari wote haukuonyeshi kitu.

Hatua ya 3: Uliza "najuaje?" Hapa ndipo alama nyingi zinapopatikana na kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Je, mama ana wasiwasi? Ana. Lakini hakuna sentensi inayosema hivyo. Tumejuaje? Kwanza, anapanga samaki ambao tayari wamepangwa. Pili, jibu lake ni neno moja tu, na mikono inarudi kazini papo hapo. Tatu, mashua ya mwisho imeshafika na baba hakuwamo. Mama anayesimama mwaloni bila shaka ameiona. Ukiyaunganisha haya matatu unafikia jambo ambalo mwandishi hakulitamka. Huko ndiko kusoma yaliyofichika, na Kiingereza kinakuita "inference".

Angalia mpaka wake pia. Ukiandika kwamba baba amezama, umevuka ushahidi. Kifungu kinatuonyesha hofu ya mama, kilichompata baba hakikionyeshi. Wengi hukosea hapo kwa sababu wana ubunifu mzuri, wakamalizia hadithi ambayo haijaandikwa. Kila dai lako liwe na mstari unaoweza kuugusa kwa kidole.

Hatua ya 4: Nani anasema? Hapa ni mtoto, anasimulia kwa "mimi". Anaona mikono ya mama na anaona mashua imefungwa, lakini hayaunganishi. Sisi ndio tunaounganisha, na hofu inatuingia zaidi kuliko kama mtu mzima angetueleza kila kitu.

Msitenge msemaji na mwandishi kwa vifungu vya hadithi tu. Fanyeni hivyo hata kwenye ushairi. *Song of Lawino*, lililotoka mwaka 1966, linasemwa na Lawino, mwanamke wa Kiacholi ambaye hakwenda shule, akimlaumu mumewe Ocol kwa kudharau mila zao. Aliyelitunga ni Okot p'Bitek, mwanamume aliyesoma mpaka Oxford. Mwanafunzi anayeandika "mshairi analalamikia mumewe" amewachanganya watu wawili tofauti kabisa. Andika "msemaji" au "Lawino".

Hatua ya 5: Sasa toa jina. "Kama mtu anayeficha jambo" ni tashbihi, kwa sababu ya lile neno *kama*. Kwenye karatasi utaikuta kwa jina la "simile". Likiondoka neno la kulinganisha na kitu kikaitwa kingine moja kwa moja, hiyo ni sitiari, yaani "metaphor". Ziwa kunyamaza kama binadamu ni tashihisi. Mwalo, utelezi na jioni ni mandhari. Mengine yamo kwenye daftari zenu, sitayarudia.

Hatua ya 6: Andika jibu. Jibu dhaifu ni hili: "Mwandishi ametumia tashbihi kufanya kazi yake ivutie." Sentensi hiyo yaweza kubandikwa kwenye kifungu chochote duniani, ndiyo maana haina alama. Jibu lenye nguvu: "Tashbihi inayolifananisha ziwa na mtu anayeficha jambo inatufanya tushuku kwamba ziwa linajua alipo baba, na hivyo kuongeza taharuki kabla hatujaambiwa kuwa mashua imeshafungwa." Lina istilahi, lina ushahidi, na linasema istilahi imefanya kazi gani *mahali hapo*.

Maswali mliyoniuliza

Mwanafunzi wa S.4, Mbarara: Mwalimu, shikamoo. Mada na dhamira zinanichanganya.

Marahaba. Mada unaweza kuitaja kwa neno moja. Dhamira inahitaji sentensi nzima. Chukua hadithi ya Kintu na mkewe Nambi, masimulizi ya Waganda ya jinsi kifo kilivyokuja duniani. Mada yake ni kifo. Dhamira mojawapo: kosa dogo la kutotii linaweza kuwagharimu hata ambao hawajazaliwa. Ukiandika "dhamira ni kifo", hujamaliza kazi.

Mwanafunzi wa S.3, Jinja: Nikiulizwa msuko, nieleze hadithi yote?

Hapana. Onyesha tukio moja linavyolizaa jingine. Tubaki na Kintu. Wengi husimulia kwamba Nambi alisahau mbinguni mtama wa kuku wake, kwa hiyo akarudi ingawa baba yake, Ggulu, alikuwa amewakataza. Kwa sababu alirudi, kaka yake Walumbe, yaani Kifo, akawafuata duniani. Jibu lisilo na "kwa sababu" hata moja huwa ni muhtasari tu.

Mwalimu mwenzangu, Gulu: Wangu hawatofautishi toni na hali ya kifungu. Unafanyaje?

Mwenzangu, huwa nawauliza maswali mawili kwa mpangilio huu: msemaji anasikika vipi? Wewe unajisikiaje? Katika kifungu cha mwaloni, toni ya mtoto ni tulivu, anaeleza tu anachokiona. Hali inayotuingia wasomaji ni hofu. Vifungu ambavyo hivi viwili vinapingana hufundisha haraka zaidi, maana vikifanana mwanafunzi haoni haja ya maneno mawili.

Mwanafunzi wa S.4, Kampala: Tunasoma *Macbeth*, tamthilia ya Shakespeare. Nipe kinaya cha jukwaani ("dramatic irony") ambacho naweza kukieleza.

Mfalme Duncan anawasili kwenye ngome ya Macbeth na kuisifu kwa hewa yake nzuri. Onyesho lililotangulia tumeshamsikia Lady Macbeth, mke wa Macbeth, akipanga auawe humo humo. Hadhira inajua, Duncan hajui, na kila sifa anayoitoa inatuuma. Taja nani anajua na nani hajui, jibu lako litasimama.

Mzazi, Arua: Sikusoma fasihi. Nitamsaidiaje binti yangu?

Mama, unaweza sana. Someni pamoja habari moja fupi ya gazeti, umwulize alivyoielewa, halafu umwulize, "Umejuaje?" Akuonyeshe mstari. Akikosa mstari, msimkemee, someni tena. Istilahi atazipata darasani.

Mwanafunzi wa S.4, Bombo: Mtihanini nianze na maswali au kifungu?

Yapitie maswali kwa haraka, ujue unatafuta nini, kisha soma kifungu chote. Usirukie jibu la swali la kwanza ukiwa umesoma aya moja, kwa sababu mstari unaobadilisha maana huweza kuwa wa mwisho, kama ile mashua yetu.