Namna ya kuotesha maneno kutoka mzizi mmoja

Mpwa wangu ndiye aliyenikamata. Nilimpa sura mbili za hadithi yangu ya fantasia, ya watu wa mtoni wenye lugha yao, akarudi na swali moja: "Mjomba, mbona mfalme ni zorath halafu ufalme ni kilbun?" Nilikuwa na daftari la maneno 300 niliyoyaokota hewani, hakuna lililomjua mwenzake. Nikaanza upya.

Safari hii nilianza na mizizi 20 tu, na wewe usizidishe hapo. Chagua mizizi ya vitendo na hali: kutiririka, kufungua, kuwaka, kuwa mzito. Ukianza na neno la mkuki, utabaki na mkuki. Ukianza na "choma", una mchomaji, mchomo, hata kichomi cha mbavuni.

Kisha, kabla ya kuunda neno lolote, andika kanuni za sauti. Hatua hii wengi huiruka, ndiyo maana lugha zao hunukia plastiki. Tazama kwetu: pika huzaa mpishi, linda mlinzi, fuata mfuasi, lewa mlevi, iba mwizi. Hakuna kikao kilichoamua k iwe sh. Ni ile i ya mwisho iliyoibana konsonanti iliyoitangulia hadi ikageuka. Na bado tuna mpikaji, ambaye k yake haijaguswa kwa sababu kiambishi chake ni kingine. Ukiukaji wa namna hiyo uweke pia, kidogo.

J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings aliyefundisha Oxford, alifanya kazi hiyo kwa lugha zake za Waelfu, viumbe wa hadithi zake. Mzizi KWET, wa kusema, unatoa quetta kwa Kiquenya na peth kwa Kisindarin. Yote mawili ni "neno". Ile kw ya kale imehifadhiwa upande mmoja, upande wa pili imekuwa p. Mzizi NDOR, wa kukaa mahali, umekuwa nórë huku na dôr kule, yaani "nchi", na ndio unaousikia mwishoni mwa Gondor, nchi ya mawe, na Mordor, nchi nyeusi. (Sisi wa ndizi na ndugu tungeiacha nd palepale mwanzoni, bila taabu.)

Kanuni zangu ni mbili: mbele ya i, d huwa z na b huwa v. Viambishi vinne: -i ya mtendaji, o- ya mahali, ke- ya kukanusha, -ena ya hali. Sasa chukua SUD, kutiririka. Suzi ni kitiririkacho, yaani mto. Osuda ni pale maji yanapopita, bonde. Na kwa kuwa watu wangu huishi mabondeni, osuda imekuwa pia "nyumbani". Kesuda ni maji yaliyosimama, bwawa. Basi kesuzi akawa nani? Bahili. Hilo sikulipanga, nililikuta tu daftarini nikacheka peke yangu saa sita usiku. Ruhusu maana zitembee hivyo, ila kila mzizi upe ukurasa wake usije ukapotea njia.

Usijaze kila nafasi. Mzizi mwingine ukose mtendaji, na maneno machache yasiwe na mzizi kabisa, yawe yameletwa na wafanyabiashara, kama meza ilivyotufikia kutoka kwa Wareno.

Mfalme nilimpata kwenye GAB, kufungua, maana kwao anayetawala ni anayefungua malango ya maji: gavi. Lango lenyewe ogaba, siku hizi maana yake ikulu. Ufalme ni gabena. Nikampelekea mpwa wangu ukurasa huo. Akausoma, akakunja uso.

"Sasa hii v imetoka wapi, Mjomba?"

"Na z ya mwizi?"

Akaniomba kalamu.